Yaliyokatwa kwenye Wasifu wa Shangazi

Shangazi alipofariki, wengine walipangiwa turubai, viti, masufuria na gari la kubebea mwili. Mimi nilipangiwa kuandika wasifu wa marehemu. Ninasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, kwa hiyo baba mkubwa alinikabidhi daftari na kalamu, akasema, "Wewe ndiye msomi wetu. Andika."

Wasifu wa marehemu una mtindo wake, na kila aliyewahi kukaa msibani anaujua. Kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa, kazi, kuugua, kufa. Kisha idadi ya watoto na wajukuu, na mwisho ule mstari wa kitabu cha Ayubu. Nilianza vizuri. Marehemu alizaliwa Morogoro mwaka 1968, mtoto wa tano kati ya saba. Alisoma hadi darasa la saba. Aliuza nyanya, baadaye mitumba. Hakukosa jumuiya. Halafu nikaandika: "Marehemu alipenda sana kucheza muziki."

Baba mkubwa alisoma, akavua miwani. "Hii toa, mwanangu. Padri atakuwepo."

Nikaikata. Sikubisha hata kidogo.

Sasa nabisha. Shangazi hakupenda tu kucheza muziki. Alikuwa akisikia ngoma kwenye harusi ya mtaa wa tatu, anaacha ungo wa mchele barazani na kwenda. Harusi yenyewe ya nani, hajui. Alicheza amefumba macho na mdomo ameubana, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Mabega yalikuwa yanatangulia, miguu inafuata baadaye kwa wakati wake.

Alisema si kosa lake, ni kosa la mji. Morogoro ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, shangazi alikuwa mtoto wa miaka kumi. Aliniambia kwamba babu alizima redio, akatoka, akaenda kukaa peke yake chini ya mwembe. "Siku ile ndiyo nilijua kumbe baba naye analia," alisema. "Nikasema basi, kitu kinachomliza baba si kitu cha mchezo."

Kwetu shangazi ndiye mtu wa kukukalisha chini na kukufunda. Nilipomaliza kidato cha nne aliniita chumbani, akafunga mlango, nikajua leo ndiyo leo. Akasema, "Mambo ya wanaume utayajua huko huko. Mimi nina mawili tu. Usikope hela ili ushone sare ya harusi. Na usimcheke mtu anayecheza vibaya, maana yeye amethubutu." Akafungua mlango, tukaenda kula mihogo. Mbele za watu aliniita mwanangu. Tukiwa wawili aliniita shoga.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024, alinipigia simu usiku huo huo. "Shoga, nakuja Dar. Tupande wote mpaka Moro, tushuke, tunywe soda, tupande tena turudi."

"Tunakwenda kufanya nini, shangazi?"

"Kupanda treni."

Nikamwambia nikishawasilisha pendekezo la utafiti. Niliwasilisha. Nikamwambia nikishakusanya data. Nilikusanya. Katikati ya hayo alianza kusema miguu inavimba, halafu kwamba daktari anazungumzia figo. Nikimuuliza hali, alijibu, "Nipo, nazeeka kwa mbwembwe," na kucheka. Nami nilicheka, nikarudi kwenye kompyuta. Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba alinificha. Ukweli ni kwamba kicheko chake kilinifaa. Kiliniruhusu kutokwenda.

Nilipanda treni hiyo kwa mara ya kwanza kwenda kumzika. Nilikaa dirishani. Tulipita Ruvu, tukapita Ngerengere, na spidi ilipofika 160 kwa saa mtoto mmoja alipiga makofi. Safari haikumaliza hata saa mbili. Miezi yote ile nilikuwa naahirisha kitu cha chini ya saa mbili.

Asubuhi ya maziko walifika watani. Mama mmoja kati yao aliingia ndani bila kumwomba mtu ruhusa, akatoka amevaa gauni la shangazi, miwani ya shangazi, na rundo la nguo begani. Akaanza kunadi mitumba katikati ya waombolezaji, sauti ile ile, akimtukana mteja anayepunguza bei. Kisha akatupa nguo chini, akafumba macho, akabana mdomo. Mabega yakatangulia.

Watu walicheka hadi wakashika mikeka. Nilimtazama baba mkubwa. Aliinamisha kichwa, nikadhani amekasirika, mpaka nilipoona mabega yake yanatikisika. Sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Watani walipomfuata kumdai faini, alitoa elfu kumi bila kuomba apunguziwe.

Mchana nilisoma wasifu mbele ya jeneza. Ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na kila kilichoandikwa kilikuwa kweli. Padri aliitikia kwa kichwa. Nilipofika pale palipokatwa niliona wino wangu mwenyewe. Baba mkubwa alisema tu, kalamu niliishika mimi. Nilisimama kidogo, watu wakadhani nimezidiwa na majonzi, wakaniambia pole. Nikaendelea kusoma aya iliyofuata.

Jumatatu nilirudi Dar. Kabla ya kuingia kituoni nilinunua soda mbili. Moja nilikunywa nimesimama, ya pili nikampa binti aliyekuwa anauza. Akauliza, "Ya nani hii, dada?"

Nikamwambia ni ya shangazi yangu, hakuweza kuja.