Safu ya Tatu

Mwenye nyumba alitupa miezi mitatu. Hakutufukuza, hapana. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda pale barazani, akanywa chai yetu, ndipo akasema vyumba vya mbele anataka kuvigeuza fremu za maduka. Magomeni Mapipa siku hizi kila ukuta unaotazama barabara unataka kuwa fremu. Sisi tulikuwa na vyumba viwili kati ya sita, korido katikati, choo uani. Humo ndimo nilimozaliwa.

Kwanza tulitafuta vyumba vingine. Dalali akatuambia kodi ni miezi sita mbele, na yeye wa kwake mwezi mmoja. Jumla miezi saba, taslimu. Mama akacheka. "Hela ya miezi saba ndiyo milango na madirisha ya Chanika," akasema. Huko Chanika alikuwa na boma la vyumba viwili, lina bati lakini halina dari wala umeme. Alilijenga kwa hela ya vitumbua, tofali baada ya tofali. Basi tukakata shauri.

Mimi ndiye msomi wa nyumba, nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo kazi ya kupanga safari nikapewa mimi. Nikachukua daftari nikachora safu tatu: vya kubeba, vya kugawa, vya kuuza. Nilijiona mkurugenzi, bwana! Nikapima kitanda kwa kamba. Nikahesabu masufuria, ndoo, madumu. Nikapiga hesabu kwamba guta haliwezi mwendo ule, Canter ni ghali, hivyo tutachukua Kirikuu. Ila Kirikuu ni kadogo. Mzigo ukizidi unalipia safari ya pili. Kila kitu kizito kikawa adui yangu.

Adui mkubwa alikuwa cherehani ya baba. Ya miguu, chuma kitupu, mkanda umekatika, imekaa pembeni imefunikwa khanga na juu yake tunaweka vyombo. Baba alikuwa fundi nguo. Alifariki mwaka 2009, mimi nina miaka sita. Nikaiandika safu ya tatu. Sikuishia hapo. Nikampata fundi mmoja wa Kigogo, tukaelewana elfu themanini, akanipa elfu thelathini ya kutangulia. Ile thelathini nikampa dereva wa Kirikuu kama kishika uchumba. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi nikamkuta mama na daftari. Mama husoma polepole, kidole kinafuata mstari. Kidole kikashuka safu ya kwanza, ya pili, kikasimama.

"Hapa umeandika nini?"

"Cherehani, mama."

"Hiyo naiona. Nakuuliza umeandika nini."

Nikaanza kumweleza habari za uzito na nauli. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya unga: "Baba yako alipokufa nilishona sare za shule kwa mashine hii miaka miwili. Usiku, ninyi mmelala. Vitumbua vilikuja baadaye, macho yaliponichoka."

Ndugu msomaji, mimi ile sauti naijua. Tangu utoto nimekuwa nikiwahadithia washikaji kwamba kumbukumbu yangu ya baba ni mlio wa cherehani, nausikia usingizini, trrr, kimya, trrr. Nimewahi hata kuandika shairi juu yake. Kumbe usiku ule baba alikuwa keshazikwa. Aliyekuwa akikanyaga ile pedali ni huyu aliyekaa mbele yangu na daftari.

Nilikwenda Kigogo mwenyewe. Yule fundi hakutaka maneno, alitaka hela yake, na hela yake ilikwisha kwa dereva. Nikarudi nikatazama safu yangu ya kwanza, nikaona kitu kimoja tu chenye thamani hiyo: sabufa yangu. Nikaiuza siku ile ile. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Majirani walitushauri tuhame usiku, kama wanavyofanya wengi hapa mjini, watu wasione godoro lako limechanika wapi. Mama akauliza, "Kwani tunadaiwa na nani?" Tukahama Jumamosi saa tatu asubuhi, jua limewaka, cherehani imefungwa juu kabisa ya mzigo, miguu hewani. Tukashika Kawawa, tukapanda daraja la Mfugale pale Tazara, tukapita Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu. Ule mto wa foleni wote ukatazama godoro letu. Hakuna aliyekufa.

Kitanda cha mbao nilichokipima kwa kamba ndicho kilichobaki Magomeni, kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa. Wiki tatu tulilala chini. Mkanda mpya niliununua Kariakoo, na mama akanionyesha jinsi ya kuuvisha.

Wewe unayepanga kuhama, chora safu zako, pima kitanda, elewana na dereva mapema. Lakini hiyo safu ya tatu usiijaze peke yako. Kaa na aliyeviishi vitu hivyo, uulize kimoja kimoja kimefanya kazi gani. Mimi niliuliza nikiwa nimeshapokea kitangulizi.