Alama ya Kuuliza na Kiini cha Linux

Tunazo rekodi 86 za vitendawili tulizozichukua kwa wazee wa Buyenzi, Bujumbura. Kila moja tuliipa jina la kitendawili chenyewe, na penye swali tukaweka alama ya kuuliza. Kompyuta yetu ya Linux iliyapokea majina hayo bila kinyongo. Lakini tulipotaka kuyanakili mafaili kwenye flashi tuwapelekee walimu wenzetu, kila lenye alama hiyo lilikataliwa. Wazee wawili kati ya waliotusimulia wamekwisha fariki. Hatukupenda sauti zao zibaki ndani ya mashine moja.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, ina fadhila hii: maandishi yake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini, na kila aliyepata kuvunja yai hulielewa neno hilo pasipo kamusi. Katika kiini hupachikwa vipande viitwavyo moduli, na moduli iitwayo vfat ndiyo isomayo flashi nyingi ndogo. Ndani yake, katika lugha ya C, tulikuta orodha ya alama zilizoharamishwa katika majina: kinyota, nukta mbili, mkwaju, na hiyo yetu ya kuuliza. Tukaifuta hiyo yetu.

Kuijenga moduli si kazi kubwa, ila sharti ilingane na toleo la kiini, la sivyo hukataliwa mlangoni. Kazi ni kuijaribu. Flashi yenye rekodi hatukuigusa. Tuliunda faili tupu la megabaiti 64, tukalipanga kana kwamba ni flashi, tukaitoa moduli ya asili, tukapachika yetu. Jina la majaribio, «Nani?», likakubaliwa.

Programu ya ukaguzi, hata hivyo, ililalamika. Kumbe katika mfumo wa FAT faili kama hilo lina majina mawili, mfano wa mtoto mwenye jina la nyumbani na la shuleni: moja refu, na jingine fupi lisilozidi herufi 8, na 3 za nyongeza. Alama ilikuwa imepenya hadi katika jina fupi. Moduli inayo orodha ya pili, ya alama zinazogeuzwa kuwa mstari wa chini. Tukaiingiza humo, na lalamiko likatoweka.

Likabaki jaribio la mwisho. Tulinakili faili moja kwenye flashi tupu, tukaipeleka kwa jirani mwenye kompyuta ya Windows. Faili lilionekana, lakini halikufunguka. Huko, tangu zama za DOS, alama ya kuuliza katika jina la faili husimama mahali pa herufi yoyote ile. Ina kazi nyingine kabisa, na ile orodha haikuandikwa kwa ukaidi.

Tukairudisha moduli ya asili. Kiswahili, kwa bahati njema, huweza kuuliza pasipo alama: «Nani?» sasa ni «Je, nani», na rekodi zote zimekwisha fika Rumonge na Gitega. Mwenzetu mmoja wa Rumonge ametuandikia kwamba mzee hatamki «je» hata mara moja katika rekodi ile. Tumemjibu kwamba jina si sauti. Hajaridhika.