Siku Moja na Bwana Misitu Anayepanga Moto



Niliombwa niandike juu ya safari. Kwanza nilicheka. Safari gani kwa mtu wa kambini? Sote tunajua kwamba bila kibali hatuvuki kilometa 4. Lakini safari moja ninayo. Ni fupi, haikufika hata Kasulu mjini. Ilikuwa Juni mwaka jana, kutoka zoni yetu hapa Nyarugusu hadi msituni, na nilifuatana na mtu ambaye kazi yake ni kupanga moto.

Ndiyo, kupanga moto. Hata mimi nilidhani nimesikia vibaya. Moto tunajua kuuwasha na kuuzima. Kuupanga je?

Mnaukumbuka ule moto wa Septemba ya mwaka juzi. Ulitoka msituni saa nane mchana, upepo ukiusukuma kwa nyuma, ukafika hadi kwenye vyoo vya nyumba za mwisho. Watu walikimbia na madumu ya maji, wengine na matawi mabichi. Mama mmoja jirani yangu alitoa watoto nje, akarudi ndani kuchukua kadi ya chakula tu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini baada ya moto yakaja maneno. Wenyeji walisema ni wakimbizi waliochoma. Sisi tukasema ni wenyeji. Maneno yale yalidumu kuliko moshi, mpaka akina mama wakaogopa kwenda kutafuta kuni.

Basi mwaka jana akaja Bwana Misitu. Yeye hapangi kwa ajili ya kambi peke yake, anapanga kwa misitu ya upande huu wote wa magharibi. Alitaka kuongea na wazee. Na kwa kuwa baadhi ya wazee wetu wanajieleza vizuri zaidi kwa Kibembe, mwenyekiti wa zoni alinituma mimi nitafsiri.

Kwa kweli tulikuwa tumejiandaa kujitetea. Mzee mmoja alikuja na hotuba nzima kichwani. Lakini Bwana Misitu hakuuliza nani alichoma. Alisalimia kwa heshima, akauliza: "Wazee wangu, majani ya huku hukauka lini? Upepo wa mchana hutokea upande gani? Nani hupita wapi, na mwezi gani?" Yule mzee wa hotuba akanyamaza kidogo, halafu akaanza kujibu moja baada ya jingine. Anayajua yote.

Bwana Misitu akatandaza ramani juu ya meza ya darasa langu. Ilikuwa na madoa mengi mekundu. Alieleza kwamba kuna setilaiti zinazopita juu kila siku na kutambua joto la moto. Zipo zinazoigawa ardhi katika vipande vya mita 375, na kipande chenye moto huwekewa doa. Afrika peke yake hubeba zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kwa mwaka, na sehemu kubwa ni nyasi na misitu ya miombo kama hii yetu.

Akasema tena: kiangazi hakuna radi, radi huja na mvua. Kwa hiyo moto wa kiangazi karibu wote ni wa mkono wa mtu. Kuna mrina asali na kienge chake. Kuna mwindaji, mfugaji anayetaka majani mapya, mkulima anayesafisha shamba, mchoma mkaa, na mpishi aliyeacha makaa. "Wote hao wana sababu zao," alisema. "Nikiwakataza kabisa, watawasha usiku na kukimbia. Tukikubaliana lini na wapi, tutawasha pamoja na kusimamia."

Hapo ndipo mzee wetu alipoinama juu ya ramani, akaweka kidole. Aliongea Kibembe, pole pole. Alisema: "Hapa umeandika msitu. Hapa si msitu tu. Hapa wamelala watu wetu. Mke wangu yuko hapo. Sisi siku moja tutaondoka, kurudi Fizi au kupelekwa mbali. Hawa watabaki. Nani atawafyekea?"

Kutafsiri maneno hayo kulinishinda kidogo, maana bibi yangu naye yuko pale. Nilipomaliza, Bwana Misitu alichukua kalamu akachora duara. Kisha akasema, "Baba, naomba unipeleke nikapaone." Hivyo ndivyo safari yangu ilivyoanza.

Tulitoka alfajiri siku ya pili yake, kibali mkononi, watu kumi na wawili: wazee, vijana, na wenyeji watatu wa Makere. Umande ulilowesha suruali mpaka magotini. Tulifuata njia ya akina mama wa kuni. Mwanzoni ni visiki tu, na hilo tusifiche, visiki vingi ni vyetu. Baadaye miti ikaanza kuwa mirefu, na juu ya matawi tukaona mizinga ya nyuki ya wenyeji. Mmoja wao alituonyesha mzinga wake ulioungua katika moto ule ule wa Septemba. Nikaona yule mzee wetu anautazama muda mrefu. Alisema tu, "Pole sana, ndugu yangu." Kumbe na wao walipoteza.

Njiani Bwana Misitu alinifundisha kama mwanafunzi. Alichuma majani, akayafikicha kiganjani. "Mwalimu, sikiliza. Yakilia kama karatasi, tumechelewa. Yakinyong'onyea, bado tuna siku." Akasema moto unahitaji vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuunguza. Hewa huwezi kuifunga, jua huwezi kulizima. Kinachobaki mikononi mwako ni majani makavu. Anayepanga moto anapunguza majani hayo mapema, sehemu sehemu, ili moto wa Septemba ukija usipate chakula mfululizo.

Nilimuuliza, je, kuchoma si kuchoma tu? Akanieleza habari za Ndola, Zambia, kwenye miombo kama hii. Mwaka 1933 walianza jaribio la kugawa msitu katika vipande. Vingine walivichoma mapema kila mwaka, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine walivilinda visiguswe na moto. Miaka ilivyopita, pale palipochomwa mwishoni miti ilikufa na nyasi zikatawala. Pale palipochomwa mapema miti iliendelea kuishi. Pale palipolindwa msitu ulizidi kuwa mnene. "Unaona?" alisema. "Kulinda kabisa ni kuzuri, lakini katika eneo kubwa lenye watu wengi nani ataweza? Basi angalau tuchague mwezi." Akakumbusha moto wa Mlima Kilimanjaro wa mwaka 2020, uliowaka siku nyingi hata mamia ya watu wakapanda kuuzima. Nao ulikuwa wa Oktoba, wakati wa ukavu.

Karibu na makaburi alisimama kwenye kijiti cha mninga, hakifiki hata goti. Alituambia kwamba kwa miaka kadhaa kijiti hicho hufa juu kila kiangazi, lakini mzizi unazidi kunenepa chini. Mvua ikija kinachipua tena. Mzizi ukishapata nguvu ya kutosha, kijiti kinakimbia kwenda juu na hakirudi nyuma. Niliwafikiria wanafunzi wangu wa darasa la tano.

Makaburini tulifyeka njia pana kuzunguka pande zote, mpaka udongo ukaonekana. Vijana wa Makere walifyeka pamoja nasi. Hakuna aliyewaomba. Saa kumi jioni, upepo ulipopungua, Bwana Misitu aliwasha majani ya nje ya ile njia, akiupeleka moto kinyume na upepo. Nilitegemea kitu cha kutisha. Lakini ulikuwa moto mdogo, usiozidi goti, unatembea kama mzee anayetafuta kitu alichoangusha. Penye ubichi ulijizima wenyewe. Sisi tulisimama na matawi, tukauangalia. Usiku umande uliumaliza. Asubuhi msitu ulikuwa na viraka, hapa peusi, pale kijani.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilienda sawa. Upande wa bondeni hatukuchoma. Siku tuliyopangiwa tulikuta majani yameshakauka, yanalia kama karatasi, na Bwana Misitu alikataa. Vijana wengine walinuna, wakasema wamepoteza siku ya kibarua. Septemba moto ulipita bondeni kweli, ukala nyasi za kuezekea za familia mbili. Lakini upande wa makaburi moto ulifika kwenye kiraka cheusi ukakosa cha kula. Nilikwenda na yule mzee kuangalia. Msalaba wa mke wake ulikuwa umesimama, haukushika hata moshi. Mzee hakusema kitu. Aliondoa majani mawili juu ya kaburi, tukarudi.

Ndugu zangu, mvua sasa zinaisha na siku za kupanga ndizo hizi. Ninawaomba mambo machache. Kila nyumba ifyeke majani kuizunguka, wala msirundike nyasi za paa karibu na jiko. Makaa na majivu myamwagie maji kabla ya kuyatupa, hata kama yanaonekana yamekufa. Watoto wasipewe kiberiti kwenda kuwinda panya. Anayerina asali ahakikishe kienge kimezimika kabla hajaondoka chini ya mti. Na mtu asijiamulie kuchoma msitu ati kwa sababu amesoma makala hii. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka kibali, na pia inataka akili. Mwambieni mwenyekiti wa zoni, yeye atampelekea Bwana Misitu habari.

Na moto ukitokea tena, tuanze na swali lake: ulianza lini, wapi, upepo ulikuwa upande gani? Swali la "nani" lilitugombanisha mwaka mzima na watu ambao mizinga yao iliungua kama vyoo vyetu.

Ramani ile Bwana Misitu aliniachia nakala. Nimeibandika ukutani darasani. Mzazi yeyote anakaribishwa kuja kuiangalia, na kama kuna mahali panapoonekana patupu nawe unajua si patupu, niambie tuweke alama.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea