Jiwe la Buluu la Mabinti wa Uru

Akina mama wenzangu, ukijaliwa kufika London kwa masomo, kwa kazi au kumtembelea mtoto anayeishi huko, usirudi kabla ya kuingia British Museum. Kiingilio ni bure. Panda ghorofani hadi Chumba Na. 56, penye vitu vya kale vya Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki. Mimi nilikwenda na kinamama wa kanisa letu. Tulidhani nusu saa ingetosha. Tulikaa asubuhi nzima.

Vitu vingi vilivyomo vilichimbuliwa katika mji ambao wengi wanaamini ndio Uru wa Wakaldayo, kwao Ibrahimu. Mtaalamu Mwingereza, Leonard Woolley, aliongoza uchimbaji huo kuanzia mwaka 1922 hadi 1934. Akakuta makaburi ya watu wakuu, yenye umri wa miaka 4,500 hivi. Na karibu kila upande unaotazama unakutana na jiwe moja la buluu.

Jiwe lenyewe

Jiwe hilo huitwa lapisi lazuli. Halipitishi mwanga kama kioo. Buluu yake ni nzito, kama anga jua likishazama, na ndani yake mna chembe zinazometa mithili ya dhahabu. Chembe hizo si dhahabu, ni madini ya chuma na salfa. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kuwa "yakuti samawi" ya Agano la Kale ni jiwe hili. Fungua Ayubu 28:6 uone lilivyotajwa pamoja na dhahabu.

Uru haukuwa na milima wala machimbo. Jiwe lilitoka Badakhshan, kaskazini-mashariki ya Afghanistan, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Huko, kwa karne nyingi, wachimbaji waliwasha moto chini ya mwamba, kisha wakaumwagia maji baridi mpaka upasuke. Hata leo jiwe bado linachimbwa huko, na bado lina machozi. Mwaka 2016 shirika la Global Witness lilieleza jinsi fedha za machimbo hayo zilivyokuwa zikiwanufaisha watu wenye silaha.

Mafundi wa Uru walilitumia kwa ustadi mkubwa. Tazama mbuzi wa dhahabu aliyesimama kwa miguu ya nyuma penye kichaka. Pembe zake na manyoya ya shingoni ni lapisi. Woolley alimpa jina kwa kumkumbuka kondoo wa Mwanzo 22. Tazama pia kisanduku kiitwacho Bendera ya Uru. Upande mmoja kuna vita, upande wa pili kuna karamu, na nyuma ya watu hao wote mmejazwa vipande vya jiwe la buluu.

Waliolivaa

Katika kaburi moja alilala mwanamke aitwaye Puabi, ambaye wataalamu walikadiria alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Jina lake tunalijua kwa sababu limechongwa kwenye muhuri wake wa lapisi. Muhuri huo hautaji mume.

Karibu na hapo kulikuwa na kaburi jingine ambalo Woolley aliliita Shimo Kuu la Mauti. Humo mlikuwa na watu 74, na kati yao 68 walikuwa wanawake. Wengi walivaa mataji ya majani ya dhahabu, yenye shanga za lapisi na akiki nyekundu. Walikuwa watumishi, waliozikwa pamoja na mkuu wao. Mmoja hakuwa amevaa utepe wake wa fedha kichwani. Ulikutwa kiunoni, bado umekunjwa, kana kwamba alichelewa kujipamba akautia mfukoni. Mama yeyote aliyewahi kumharakisha binti siku ya Jumapili atamwelewa.

Woolley alidhani walikunywa sumu kwa hiari, wakalala kwa amani. Lakini mwaka 2011 wataalamu walichapisha matokeo ya picha za CT za mafuvu mawili kutoka makaburi hayo, la mwanamume na la mwanamke. Yalikuwa na matundu ya kupigwa kwa kitu chenye ncha, na nyufa zake zilionyesha kuwa mfupa ulikuwa bado hai. Mimi kama muuguzi nimeona majeraha ya kichwa. Niliyatazama tena yale mataji mazuri, nikanyamaza.

Kwetu nyumbani

Si dhambi mwanamke kupenda pambo. Ukinunua lapisi, pangusa jiwe taratibu kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikigeuka buluu, jiwe limepakwa rangi. Usilitie katika siki wala maji ya limau, maana huharibika. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha kulisafisha.

Lakini wakumbuke wale mabinti. Walipambwa, wakavishwa dhahabu, na hakuna aliyeandika majina yao. Katika nyumba nyingi zetu yupo msichana anayetusaidia kazi. Tunamvika vizuri siku ya Krismasi, majirani wakasifu. Je, unalijua jina la baba yake? Unajua kwao ni wapi, na kama kichwa kinamuuma leo? Mwulize kabla jua halijatua.