Gomesi ya Bibi na Baridi ya Eldoret

Bibi mmoja wa Tororo, mke wa sajini mstaafu, alipopata habari kwamba mjukuu wake amehitimu mafunzo ya ukuruti, alitoa gomesi yake ya manjano sandukuni akaipiga pasi mara mbili. Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yake aliyeolewa Amagoro, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Na kuruti wa nchi hiyo hufunzwa Eldoret, katika kambi ya Moi Barracks.

Mumewe, aliyekesha malindoni miaka mingi, alimshauri achukue sweta na koti. Bibi akakataa.

"Mzee, siku hii nimeingoja tangu mtoto yule azaliwe. Leo nifunike gomesi kwa koti la mitumba, mbele ya wakwe?"

Mzee akanyamaza, kwa maana fahari ile ilikuwa ya haki.

Jambo wanalolisahau wengi ni mwinuko wa nchi. Tororo uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Eldoret ni mita 2,100 hivi. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Katika mwezi wa saba, alfajiri ya Eldoret huweza kushuka hadi nyuzi 10, au chini yake. Nayo gomesi, pamoja na uzuri wake, haikushonwa kwa baridi. Mikono yake ni mifupi, shingo yake i wazi, na kikoyi kivaliwacho ndani hukinga kiuno na miguu tu. Kifua hubaki na kitambaa kimoja chepesi.

Waliondoka Amagoro saa nane za usiku ili wawahi nafasi. Kulipopambazuka walikuwa katika foleni ya langoni, majani yamelowa umande na upepo unavuma. Bibi alitetemeka, asiseme neno. Walipoketi, pumu yake ya zamani ikaanza kumbana. Mzee akavua koti lake akamvika. Lakini mwili ukisha kupoa, koti moja huchelewa kuupasha. Bendi ilipoanza kupiga, binti yake alimshika mkono akamrudisha garini. Kiapo cha mjukuu wake alikisikia kwa mbali, asitambue hata neno moja.

Kijana alikuwa katika safu, haruhusiwi kutazama ovyo. Ilipotolewa amri ya kugeuza macho kulia, aliitafuta gomesi ya manjano, akaona nafasi tupu kando ya babu yake. Alimaliza gwaride akidhani bibi amefia njiani.

Alipomkuta garini, alisimama wima akampigia saluti, machozi yakimlengalenga. Bibi alicheka na kulia pamoja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu mwenyewe alisimama mbele yake.

Jamaa waendao kwenye sherehe kama hizo nyanda za juu na wajifunze hapo. Nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, hushinda nguo moja nzito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati yake hutunza joto. Ndani ivaliwe fulana, kisha sweta ya sufu, kisha koti la kukinga upepo. Kichwa kifungwe kitambaa, miguu ivikwe soksi, na jozi ya pili iwekwe mkobani, kwa maana soksi iliyolowa umande huiba joto. Chupa ya chai ya moto isisahauliwe, wala dawa za mgonjwa, wala blanketi la mtoto mchanga. Jua likishapanda huwa kali. Ndipo nguo za juu zivuliwe, na gomesi ionekane na watu wote. Lakini jaketi la mabaka ya kijeshi, hata likiwa la mitumba, liachwe nyumbani: Uganda na Kenya, sheria humkataza raia kuvaa mavazi ya jeshi.

Askari aliye katika safu huvaa alichoamriwa, wala hawezi kuongeza hata kitambaa cha shingo. Jamaa yake aweza. Ajikinge, ili jicho la kijana likimtafuta, limkute.

Bibi yule sasa ana sweta ya sufu, ya manjano kama gomesi yake. Katika sanduku lake, sweta hiyo hukaa juu ya gomesi, si chini yake.