Kila Memori na Kazi Yake

Nilipoingia studio ya habari nikitokea kwenye kurusha harusi, nilidhani mikseri ni mikseri tu. Harusini nilizoea mikseri ndogo ya ATEM ya Blackmagic yenye nafasi 100 za makro. Makro ni tiifu: ulichogusa wakati wa kurekodi ndicho inachorudia, usichogusa inakiacha. Memori ya mikseri kubwa ina tabia nyingine. Usipoiwekea mipaka, inahifadhi hali ya safu nzima ya mikseri: kamera iliyo hewani, keya (tabaka zinazowekwa juu ya picha) zilizowashwa na zilizozimwa, hata ukubwa wa visanduku vya mahojiano. Ukiiita, vyote vinarudi kama vilivyokuwa.

Benki za memori nilizozikuta studioni zilipangwa kwa vipindi: taarifa ya habari, mjadala wa asubuhi, michezo. Kila aliyepita aliongeza zake. Sasa mgeni yuko Dodoma, jina lake linasomeka chini ya skrini, mwongozaji anaita visanduku viwili. Nabonyeza. Visanduku vinakuja vizuri kabisa, jina linapotea. Kwenye hedifoni nasikia, "Dada, jina!" Kumbe memori ile ilihifadhiwa keya ya majina ikiwa imezimwa.

Fundi wetu mmoja, mzee asiyependa maneno mengi, aliniuliza, "Hii unataka ibadilishe nini?"

"Mahali pa visanduku tu."

"Basi majina inayagusia nini?"

Taarifa ya usiku ilipokwisha tukakaa na menyu, tukagawa safu kwa makundi: picha ya nyuma, visanduku, majina. Kila memori ikapewa kundi lake, mengine ikaambiwa iyaache yalivyo. Nembo ya kituo hatukuipa memori yoyote. Haina sababu ya kuchezewa na mtu. Benki nazo zikafuata makundi badala ya vipindi, na namba 0 ya kila benki husafisha kundi lake. Tangu hapo mkono wangu unakwenda bila macho, na macho yanabaki kwenye monita, yanakotakiwa.

Mwenzangu wa zamu ya asubuhi hakufurahi. Zamani alibonyeza mara moja, sasa mara mbili. Ana hoja, hasa pale kipindi kinapofunguliwa, maana hapo unataka meza nzima irudi mwanzo. Tukamwachia memori moja inayoshika makundi yote, tukaiwekea rangi nyekundu. Ukishapita ule muziki wa ufunguzi, haiguswi.