Tovuti yetu inafunguka Bujumbura, mbona haifunguki hapa Nundu?

Wiki hizi swali moja limenifikia mara nyingi. Ukurasa wetu wa matangazo ya kutafuta ndugu unafunguka Nyarugusu na Bujumbura. Mbona ukija hapa kwetu, ambako mashine yenyewe imewekwa, haufunguki?

Swali hili si dogo. Mama mmoja aliyekimbia na watoto alikuja kusoma tangazo la mume wake. Shemeji yake alikuwa amelisoma kwenye telefoni akiwa ng'ambo ya ziwa. Yeye, kwa wifi yetu, aliona ukurasa mweupe. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Ndugu yangu, mmemfuta?”

Hakuna aliyefutwa. Anayetafuta mtu wake ana mzigo wa kutosha, asiongezewe na mwingine unaotoka kwenye kisanduku cha intaneti. Ndiyo maana naeleza.

Ukurasa huo tunautunza wenyewe, kwenye kompyuta ndogo inayolishwa na sola. Sasa, anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni karibu bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia nzima. Mwaka 1996, mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kuwapokea watu wetu, wataalamu walikubaliana juu ya namba za kutumika ndani tu, kama zile zinazoanza na 192.168. Namba hizo zinarudiwa katika nyumba nyingi duniani bila ugomvi, kwa sababu hazitoki nje. Ni kama lupango: ndani kila mtu ana jina lake, lakini barabarani wote mnaitwa “wa kwa mzee fulani.” Jina hilo la barabarani linabebwa na ruta.

Aliye Bujumbura akiandika jina la tovuti, anapelekwa kwenye namba ya nje. Ruta inapokea ombi, inalipitisha kwa kompyuta yetu, na jibu linarudi kwa njia ileile.

Aliye ndani naye anapelekwa kwenye namba hiyohiyo ya nje. Hapo ndipo shida inapoanza. Ruta nyingine hazijui kugeuza ombi lililotoka ndani: zinaliacha lipotee, au zinafungua ukurasa wa mipangilio yake. Nyingine zinalifikisha, lakini kompyuta ikiona muulizaji ni wa lupango lake, inamjibu moja kwa moja kwa namba ya ndani. Telefoni iliuliza namba ya nje. Jibu likitoka kwa namba isiyoitarajia, inalikataa.

Dawa zipo. Baadhi ya ruta zina sehemu ya kuruhusu ombi la ndani ligeuzwe vizuri. Ya kwetu haina. Unaweza pia kuandika namba ya ndani badala ya jina, ila kivinjari kitalalamika, kwa sababu cheti cha usalama kimetolewa kwa jina, si kwa namba hiyo.

Sisi tumechagua njia ya tatu. Kompyuta yetu sasa inajibu pia swali la “jina hili liko wapi?” Anayeuliza akiwa ndani anapewa namba ya ndani, wa nje anaendelea kupewa ya nje. Jina ni moja, majibu mawili.

Faida yake ni kubwa kuliko tulivyotafuta. Wengi mnakumbuka mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Leo ikikatika tena, matangazo yote yaliyokwisha kuingia yatasomeka hapa, mradi sola inafanya kazi. Mapya kutoka mbali ndiyo yatakayosubiri.

Kwa hiyo, familia mliopokelewa Nundu, Mboko na Swima: mkifika, unganisheni wifi yetu, zimeni mega za telefoni, kisha andikeni jina la tovuti kama kawaida. Hamlipi kitu. Likikataa, niiteni kabla hamjaondoka. Na kama ndugu yako aliye Lusenda au Kigoma anaona tangazo ambalo wewe hulioni hapa, usidhani limeondolewa. Tangazo la mtu aliyepotea haliondolewi mpaka familia yake ituambie amepatikana.